Chanda Chema na Vidole Vingine: Hotuba ya Kumshukuru Mwenzetu Anayejitolea

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu cha watunza mifumo ya kompyuta. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya wanachama ambao zamu za kazi ziliwazuia kufika. Jina la tuliyemshukuru lilitajwa ukumbini. Katika maandishi haya nimeliacha kwa ombi lake mwenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa kamati, wakongwe wa fani yetu, vijana mliojiunga mwaka huu, wanataaluma wenzangu wote: salamu kwenu.

Nimepewa jukumu la kutoa shukrani kwa niaba yenu kabla dada yetu hajakabidhiwa cheti chake. Ratiba ilinipa dakika tano. Niliomba niongezewe, na nawashukuru viongozi kwa kunikubalia, maana kumsifu mtu dakika tano zinatosha, ila kazi ya huyu dada haielezeki kwa dakika tano. Na leo nataka ielezwe.

Nianze na swali. Mlipoingia kwenye kazi hii ya kutunza mifumo ya kompyuta, ni wangapi kati yenu ambao swali lenu la kwanza lilijibiwa na yeye? Inueni mikono. Msiishushe kwanza. Tazameni kushoto, tazameni kulia. Dada, na wewe geuka uwaone.

Haya, shusheni. Sasa la pili: ni wangapi mnajua kwamba hakuna aliyemwajiri kuifanya kazi hiyo? Ana mwajiri wake. Ana seva zake za kulinda, yaani zile kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine. Ana zamu zake za usiku, na simu yake hulia saa nane usiku kama zinavyolia zenu. Haya tunayomshukuru leo anayafanya baada ya hapo, katika saa ambazo wewe na mimi tumeshazima mashine.

Wengi wetu tunakijua kipande kimoja tu cha anachokifanya, kile kilichotugusa sisi. Kwa hiyo nivumilieni, nivitaje vipande vyenyewe.

Chukueni ule mwongozo wa wanaoanza. Sote tunao. Kila mmoja wetu amewahi kumpa kijana siku yake ya kwanza kazini akamwambia, "Soma huu kwanza, halafu uje tuongee." Je, mmewahi kujiuliza kwa nini mwongozo huo haujachakaa? Programu tunazozitumia hubadilika kila baada ya miezi michache. Amri iliyofanya kazi mwaka jana, leo inakataa. Faili la mipangilio lililokuwa pale limehamishiwa kule. Miongozo mingi ya fani yetu huzeeka upesi, ikaanza kuwapotosha watu. Wetu haujazeeka, kwa sababu kila linapotoka toleo jipya la mfumo, dada yetu huchukua mashine tupu, akasimika mfumo upya, kisha akaziandika amri zote za mwongozo moja baada ya nyingine, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Hazisomi kwa macho. Anaziandika, anazitekeleza, anaangalia kama jibu la mashine linafanana na lile lililochapishwa. Lisipofanana, anaurekebisha ukurasa, na chini yake anaweka tarehe aliyoujaribu. Aliyewahi kuifanya kazi hiyo hata kwa sura moja anajua inavyochosha. Yeye huufanyia mwongozo mzima.

Kuna kazi nyingine ambayo wengi wenu hamuijui kabisa, kwa kuwa inafanyika kwa barua kati ya mtu na mtu. Kila mwaka tunapokea mapendekezo ya mada mengi kuliko nafasi tulizonazo. Kamati huchagua. Waliochaguliwa wanapongezwa na majina yao yanachapishwa kwenye ratiba. Waliokataliwa je? Mahali pengi hupata mistari miwili ya pole. Hapa kwetu hupata barua kutoka kwake: mada yako ilikuwa na jambo hili zuri, imepwaya hapa na hapa, tuwekee vipimo vya kabla na baada ya mabadiliko uliyoyafanya, halafu ilete tena. Wawili kati ya watoa mada mtakaowasikia mchana wa leo walikataliwa mwaka jana. Wameniruhusu nilitamke hilo hadharani. Wote wawili wameitunza ile barua.

Kumbukumbu za mikutano, daftari la wanachama, kupanga mkongwe gani amlee chipukizi gani: hayo pia ni yake, nayapita haraka. Lakini kuna kisa kimoja sitakipita haraka.

Kijana mmoja, mwanachama wetu, alikuwa peke yake akitunza mifumo ya taasisi ndogo. Alileta swali dogo tu, la kuongeza nafasi kwenye diski. Dada yetu akamjibu swali lake, hatua kwa hatua. Kisha, mwishoni mwa jibu, akaongeza swali ambalo kijana hakuliuliza, kuhusu nakala rudufu, yaani nakala za akiba za mafaili: "Je, umewahi kurejesha faili hata moja kutoka kwenye nakala zako rudufu?"

Hakuwahi. Kwa nini arejeshe? Kila asubuhi ripoti ilimwambia kazi ya usiku imekamilika, hakuna hitilafu. Ila swali lilimkaa kichwani, akajaribu. Akaomba faili moja la hesabu za mwezi uliopita. Halikuwepo. Akaomba lingine. Halikuwepo. Kumbe saraka (folda) ya hesabu ilikuwa imehamishwa miezi mingi nyuma, na programu ya nakala iliendelea kwa uaminifu kabisa kuhifadhi ile ya zamani, ambayo sasa haikuwa na kitu ndani. Akarekebisha jioni ile ile. Mwezi haukuisha, diski zikafa.

Tunafundishana kanuni ya nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya jengo. Kanuni nzuri, ishikeni. Lakini kanuni ile haikumsaidia kijana huyu. Alikuwa nazo zote tatu, na zote tatu zilikuwa tupu. Kilichomsaidia ni mtu aliyekuwa amechoka na kazi yake ya mchana, aliyeweza kujibu alichoulizwa na kwenda kulala, ambaye badala yake alikaa dakika kadhaa zaidi akawaza: huyu mwenzangu yuko peke yake, nani mwingine atamuuliza hili?

Ndugu zangu, watu wa namna hii wameibeba fani yetu duniani kote, na mara nyingi hata sisi wenyewe wa fani hatuwajui. Simu zilizomo mifukoni mwenu zinajua ni saa ngapi hapa na ni saa ngapi upande wa pili wa dunia. Nani anaziambia? Serikali hubadilisha saa zake: nyingine husogeza mbele majira ya joto, nyingine huacha, nyingine huamua wiki ile ile ya mabadiliko. Mabadiliko hayo yote huandikwa kwenye hifadhidata moja ya kanda za saa. Ilianzishwa miaka ya 1980 na Arthur David Olson, na kwa miaka mingi sasa imeratibiwa na Paul Eggert, pamoja na watu wa kujitolea wanaotuma taarifa kutoka kila upande. Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi, inaitegemea. Android inaitegemea. Java, lugha ya kuandikia programu, inaitegemea. Simu na kompyuta za Apple zinaitegemea.

Mwishoni mwa mwaka 2011, Samoa ilihamia upande wa pili wa mstari wa tarehe: waliolala Alhamisi tarehe 29 Desemba waliamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa haikuwepo. Lazima mtu aiandike siku isiyokuwepo, tena kabla haijafika. Machi 2023 serikali ya Lebanon ilitangaza, siku chache tu kabla ya saa kusogezwa, kwamba ingeahirisha hadi Ramadhani iishe. Sehemu ya nchi ilifuata tangazo, sehemu ikakataa, na kwa siku kadhaa nchi moja ikawa na saa mbili. Kisha serikali ikabatilisha uamuzi wake. Watunzaji wa hifadhidata ile walitoa toleo jipya kufuata tangazo la kwanza, na baada ya siku chache wakatoa jingine kurudisha mambo yalivyokuwa. Hebu fikirieni wiki ile ilivyokuwa kwao, na kazi zao za ajira zinawasubiri mezani.

Walilipwa nini kwa hayo? Mwaka 2011 Olson na Eggert walishtakiwa mahakamani, wao binafsi kwa majina yao, na kampuni iliyodai kwamba sehemu ya data za saa ni mali yake. Hifadhidata ikazimwa. Taasisi ya ICANN, inayosimamia majina na anwani za intaneti, ndiyo iliyoichukua Oktoba mwaka huo ili isipotee, na mwaka uliofuata kesi iliondolewa. Nawaulizeni: mtu anayejitolea akipatwa na mashaka kwa sababu ya kazi anayotufanyia sisi, nani anasimama naye? Chama chetu kina jibu? Nitalirudia swali hilo.

Kwanza niseme juu ya shukrani yenyewe, namna inavyotolewa. Mnamo 1879 James Murray, mhariri wa kamusi kuu ya Kiingereza iliyokuwa ikitayarishwa kwa ajili ya wachapishaji wa Chuo Kikuu cha Oxford, aliwaomba wasomaji wa kawaida wasome vitabu na kumtumia vipande vya karatasi vyenye maneno na mifano ya matumizi yake. Vikaja kwa mamilioni. Juzuu ya kwanza ilipokamilika mwaka 1888, Murray hakuandika kwamba anawashukuru wote waliosaidia kwa njia moja au nyingine. Aliwataja, na wale wakubwa aliwawekea idadi: Thomas Austin, vipande 165,000. William Douglas, vipande 136,000. Mtu aliyeandika vipande laki moja na sitini na tano kwa mkono anastahili kuiona namba hiyo imechapishwa. Nami napenda shukrani ya jinsi hiyo kuliko makofi. "Asante kwa yote" anaweza kuambiwa yeyote, hata asiyefanya lolote. Ndiyo maana nimewachosha leo na habari za mwongozo, na barua, na nakala rudufu. Kwenye cheti tutakachompa, katibu ameandika mambo hayo kwa orodha, na nimefurahi kuona hivyo.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Leo tunavika pete. Lakini wahenga hao hao walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nanyi mnaona ninakoelekea. Chanda hiki tunakisifu mwaka huu. Tulikisifu mwaka juzi. Na kila tunapomaliza kukisifu tunakirudishia kazi ile ile, kikiwa peke yake.

Fani yetu imeshapewa somo hili, tena kwa gharama. Aprili 2014 ilitangazwa hitilafu iliyopewa jina la Heartbleed, ndani ya OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti. Benki ziliitumia, hospitali ziliitumia, serikali ziliitumia. Hitilafu ilikuwa imekaa humo kwa miaka miwili. Watu walipochungulia ni nani hasa anaitunza programu hiyo, walikuta kundi dogo la watu, mmoja tu kati yao akiifanya kama kazi ya kutwa, na michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Dunia nzima ilikuwa ikinywa kwenye kisima hicho bila kuuliza nani anakichimbua. Baada ya aibu hiyo fedha zilipatikana.

Je, tulijifunza? Kiasi. Maana miaka 10 baadaye likatokea la xz.

Vijana, lisikilizeni hili kwa makini. xz ni programu ya kubana mafaili. Imo karibu katika kila mfumo wa Linux. Kwa miaka mingi iliangaliwa na mtu mmoja, bila malipo. Mwaka 2022 watu wakaanza kumwandikia wakilalamika: mbona unachelewa, mbona hujibu, mwachie mwingine anayeweza. Naye akajibu waziwazi kwamba hali yake si nzuri, na kwamba hii ni kazi anayoifanya kwa kupenda, hailipwi. Pembeni alikuwepo mtu mmoja anayejiita Jia Tan. Huyu hakulalamika. Huyu alisaidia. Alileta marekebisho mazuri, mwezi hadi mwezi, mpaka akaaminiwa, akapewa mamlaka ya kutoa matoleo mapya. Mapema mwaka 2024 akayatoa, na ndani yake alikuwa ameficha mlango wa siri ambao ungemwezesha kuingia kwenye seva zisizohesabika.

Tuliponaje? Mhandisi mmoja, Andres Freund, alikuwa akipima utendaji wa hifadhidata, kazi isiyohusiana kabisa na mambo hayo. Akaona kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye mashine iliyo mbali, kunachukua nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde! Angeweza kuipuuza. Hakuipuuza, aliifuatilia hadi mzizini, na tarehe 29 Machi 2024 akaitangazia dunia.

Watu wakisimulia kisa hiki humsifu Freund, na anastahili. Mimi huumwa na sehemu ya katikati. Mtu amesema waziwazi kwamba amelemewa, na katika watumiaji wake wote, mamilioni kwa mamilioni, makampuni yenye fedha za kila aina, aliyejitokeza kushika upande wa pili wa mzigo alikuwa mhalifu. Wema walikuwa wapi? Wema walikuwa wakiitumia programu. Wema tulikuwa sisi.

Hivyo nikiwa nimesimama hapa kumshukuru dada yetu, sitaki aondoke na cheti peke yake. Nilipomtembelea kabla ya mkutano huu nilimuuliza swali moja: katika yote unayoyafanya, lipi ungependa kulitua? Alifikiri kwa muda, kisha akasema la kujaribu mwongozo, kwa sababu sasa linamlia mapumziko yake yote. Nikamuuliza: na lipi hutaki kabisa kunyang'anywa? Hapo hakufikiri. Akasema maswali ya wanaoanza. Waacheni wale waje kwangu, akasema.

Basi kamati imekaa na imekubali mambo haya, nami nayasoma mbele yenu ili yasije yakasahaulika.

Mwongozo umegawanywa sehemu tatu, na kila sehemu itakuwa na mtu wake wa kuijaribu. Dada yetu atabaki mhariri mkuu hadi tatu hizo zitakaposimama, kisha ataamua mwenyewe. Barua za waliokataliwa zitaandikwa na kila mjumbe wa kamati ya mada kwa zile alizozisoma yeye. Na wajumbe wameshapewa mifano ya barua zake wajifunzie. Kumbukumbu za mikutano zinarudi kwa katibu, kama katiba ya chama inavyosema.

Mashine ya majaribio, ambayo kwa muda wote huu amekuwa akiilipia kutoka mfukoni mwake, kuanzia mwezi huu italipiwa na chama. Makofi hayo ni ya mhazini, mpigieni.

Mwajiri wake ataandikiwa barua rasmi, kwa ruhusa yake, kueleza kazi hii ni ipi na imewanufaisha watu gani. Wengi wetu tunajua jinsi kazi ya kujitolea isivyoonekana siku ya tathmini ya mwaka. Mwenzetu akienda kwenye tathmini hiyo, aende na karatasi mkononi.

Na lile swali nililosema nitalirudia: akipatwa na mashaka kwa sababu ya kazi ya chama, nani atasimama naye? Kamati imekubali iandikwe kwenye kanuni kwamba kazi ya mwongozo ni kazi ya chama, inatolewa kwa jina la chama, na lawama yake au madai yake yatajibiwa na chama. Rasimu italetwa kwenu kwenye kikao cha jioni. Naomba msiondoke mapema. Kaeni muipigie kura.

Neno kwa waajiri na wakuu wa idara mliomo humu. Vijana wenu wanakuja kwetu kujifunza, wanarudi kwenu wakiwa wanajua zaidi. Wakiwaomba nusu siku kwa mwezi wafanye kazi ya chama, wapeni. Mnakula matunda yake tayari.

Na wewe uliye kwenye viti vya nyuma, unayesema moyoni kwamba bado hujui vya kutosha kusaidia. Kuujaribu mwongozo kunamhitaji hasa mtu asiyejua vya kutosha. Mkongwe huruka hatua bila kujitambua; vidole vyake vinajua njia. Wewe utakwama pale pale ambapo mwanafunzi atakwama, na kukwama kwako ndiko kunakotufaa. Katibu ana karatasi mezani. Sehemu mbili za mwongozo zimepata watu asubuhi hii. Ya tatu, ile ya mitandao, bado iko wazi, na kalamu ipo.

Naona mkono kule nyuma. Simama, ndugu yangu, tukuone. Vizuri. Wa tatu amepatikana.

Dada yetu, kwa niaba ya chama, karibu mbele upokee cheti chako. Na ninyi watatu, njooni naye: atawakabidhi funguo za mashine ya majaribio sasa hivi, na toleo jipya la mfumo linatoka wiki ijayo.